Siku Nilipowasha Taa Miembeni

Bora niseme mwenyewe, maana najua wengi wenu mmeshaiona ile video, na ambao hamjaiona mtaoneshwa na mtu atakayewasimulia vibaya. Ndiyo, yule mzee mwenye suti ya kijivu aliyekumbatia mkia wa shela ya harusi kama mtu anayeokoa mtoto kwenye moto, huku akimfokea mwanamke mwenye heshima zake mbele ya mtaa mzima, ni mimi. Siyo mtu tunayefanana, kama nilivyojaribu kumwambia katekista wetu. Ni mimi Kamugisha wa Kagondo, mwenye wajukuu, msoma masomo kanisani, na aibu ile bado ninayo hapa kifuani kama mwiba wa samaki.

Kwanza muelewe kazi yenyewe, kwa sababu watu wa Bukoba walikuwa wameshanichosha hata kabla ya siku hiyo. Mimi nilikuwa wakala wa mauzo wa kiwanda kimoja cha nguo cha Dar es Salaam. Wakala hauzi nguo (najua, mke wangu naye alicheka hivyo hivyo). Wakala analetewa sampuli, nguo moja moja ya kila mtindo wa msimu, anazitundika kwenye chumba cha maonesho, sisi tulikiita shorumu, kisha wenye maduka wanakuja, wanazishika, wanazigeuza ndani nje, wanaagiza, na mzigo unatoka kiwandani moja kwa moja kwenda madukani kwao. Sampuli yenyewe haitoki. Haivaliwi, haiazimwi, haiuzwi. Sasa nenda kamweleze hivyo mtu wa mtaa wetu wa Miembeni aliyeingia ametoka sokoni na kapu lake la ndizi.

"Hili gauni bei gani?"

"Haliuzwi, mama."

"Limeshanunuliwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona umelitundika?"

"Ni la kuangalia tu."

"Kumbe ni makumbusho," anasema, anatoka, na kesho yake analeta wageni wake kutoka kijijini waje kuangalia makumbusho.

Niliyavumilia yote hayo kwa sababu kazi ile niliipenda. Watoto wangu walikuwa wameshaniambia nikae nyumbani nipalilie migomba, yaani nikae nisubiri kufa kwa adabu, na mimi nikapata kazi ya kuvaa tai kila asubuhi na kupokea wafanyabiashara kutoka Muleba hadi Ngenge, wananiita waitu, neno letu la heshima, na wananiuliza mwaka huu mikono ya magauni ni mirefu au mifupi. Mzee gani wa umri wangu anaulizwa swali kama hilo? Wenzangu wanaulizwa habari za magoti.

Basi siku moja meneja wetu wa Dar akanipigia simu. Anaitwa Nasra, binti mdogo lakini mkali kama wembe mpya.

"Mzee wangu, shikamoo. Picha unazotuma zina giza. Nguo zinaonekana kama zimetundikwa pangoni."

"Marahaba, mama. Ni chumba chenyewe, dirisha ni moja."

"Nakuja mwenyewe wiki ijayo. Waite wateja wako jioni wakishafunga maduka, tufanye maonesho, niwarushie moja kwa moja wakubwa ofisini waone. Lakini nikikuta giza lile lile, mzee wangu nisamehe, sampuli nazihamishia Mwanza."

Mwanza! Nilipopata tena pumzi nilikuwa nimeshaamua. Nataka muuone uamuzi wenyewe jinsi ulivyokuwa mdogo na wa akili kabisa: kama shida ni giza, nitaleta mwanga. Basi. Mtu yeyote angefanya hivyo. (Mtu yeyote wa mahali pengine, nakubali.)

Jirani yangu pale Miembeni ni Bwana Sudi, anayekodisha vyombo vya harusi, viti, mahema na taa. Nikachukua kwake taa mbili kubwa zile za kumulika uwanja, nikazifunga juu ya nguzo mbele ya shorumu, zikitazama ukuta, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na maonesho ingebidi tuyafanye nje. Ukuta wenyewe ulikuwa na kuvu na rangi imebanduka, nikaona aibu uonekane Dar. Nilikuwa na mabati mapya niliyonunua kwa ajili ya kuezeka jiko langu Kagondo, nikayaleta, nikayasimamisha mbele ya ukuta yameinama kidogo nyuma ili yasianguke, yakawa yanang'aa vizuri sana. Chini yake nikaweka mapipa mawili, nikayafunika kwa vitambaa vyeupe, juu yake nikaweka maua. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikatazama kazi yangu, nikaona ni nzuri.

Bwana Sudi akatoka dukani kwake na kikombe cha chai. Akatazama taa. Akatazama mabati. Akatazama mapipa.

"Mzee Kamugisha," akasema, "na wewe mwaka huu umeingia kwenye senene?"

Nilimtazama kuanzia kofia hadi kandambili. "Bwana Sudi, mimi ni mtu wa mitindo."

"Sawa, mzee, nimeuliza tu. Maana mabati umeyainamisha kitaalamu."

Nilikasirika! Ninyi mnajua, na asiyejua nitamweleza, kwamba hapa kwetu wanaotega senene huwasha taa kali, wakasimamisha mabati mapya yameinama, wakaweka mapipa chini, kisha wadudu hao watamu wakifuata mwanga hugonga mabati na kuteleza hadi kwenye pipa. Lakini mimi niliona nimetukanwa. Hata mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama akaniuliza kwa upole kama kuna nafasi ya kuweka ndoo yake pembeni. Nilimfukuza. Nilimwita mshamba.

Na mke wangu Verdiana alisema. Siwezi kudanganya kwamba hakusema. Alikuja mchana kuniletea chakula, mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, akasimama mbele ya taa zile mikono kiunoni.

"Ta Kamugisha. Mwezi huu wa kumi na moja, mvua imekatika sasa hivi, usiku hakuna mbalamwezi, na wewe unataka kuwasha jua barabarani?"

"Senene hawajaonekana mwaka huu."

"Hawajaonekana kwa sababu hakuna aliyewaita."

"Verdiana, hapa tunazungumza biashara. Nenda nyumbani."

Akaenda. Jioni akarudi na ndoo. Nikamuuliza ndoo ya nini.

"Ya maji," akasema. "Vyoo vya mjini havitabiriki." Akakaa nyuma kabisa, ameifunika kwa kanga, ametulia kama yuko misani.

Wateja wakafika. Aliyewaongoza ni Ma Koku, mwenye duka kubwa pale Muleba, mwanamke ambaye akiagiza sketi ya mtindo fulani, wenye maduka wote mpaka Ngenge wanaiagiza. Ukimpata Ma Koku umeipata wilaya. Alikuwa amevaa kitenge cha heshima na kilemba kilichopanda juu kama mnara, akakaa kiti cha mbele, wenzake wakajipanga nyuma yake. Nasra naye alikuwa ametoka uwanja wa ndege, amesimama pembeni na simu yake juu ya kijiti cha miguu mitatu, anawaonesha wakubwa wa Dar moja kwa moja. Nikachukua kipaza sauti, kile kidogo cha kubana kwenye koti, na jua lilipozama tu nikamwambia Bwana Sudi awashe.

Jamani, ule mwanga! Magauni yaliwaka. Nasra aliniangalia akatabasamu, na mimi nikaona Mwanza inarudi nyuma, inazidi kuwa ndogo, inapotea. Msichana wa saluni ya jirani, Jasinta, mwenyeji wa Muleba naye, ndiye aliyekuwa anavaa sampuli na kutembea mbele ya mabati. Gauni la kwanza watu walipiga makofi. La pili Ma Koku aliuliza kama lina rangi ya zambarau. Nikaona niitoe shela ya harusi sasa hivi, wakati chuma kingali moto. Ilikuwa shela nyeupe kabisa, ya neti tabaka tatu, na mkia unaoburuzwa chini mrefu kuliko kitanda.

Jasinta akatoka nayo. Nikaanza kuieleza kwa sauti ile ya redio niliyokuwa nimeifanyia mazoezi: "Tazameni bega, tazameni jinsi bega lilivyokaa..."

Na kweli Ma Koku alikuwa analitazama bega, kwa makini kupita kiasi, amekaa ukingoni mwa kiti. Nikafurahi. Kumbe juu ya bega la Jasinta alikuwa ametua senene mmoja wa kijani, mnene, ananyoosha miguu.

Wahaya wote waliokaa pale walimwona, na wote walinyamaza kama watu wanaosubiri kuona kama mgeni amekuja peke yake au ameongozana na wenzake. Akatua wa pili. Watatu wakagonga bati. Kisha ikasikika sauti kama mtu anamwaga mchele juu ya paa, kisha kama gunia lenyewe limepasuka, na nilipoinua macho kwenye taa sikuiona tena taa, niliona wingu linalozunguka.

"Waitu!" Ma Koku akasema, na neno hilo moja ndilo lililovunja mkutano.

Alivua kile kilemba chake na kukitandaza mikononi. Mwanamke aliyetoka Ngenge alifagia maua yangu kwa mkono mmoja, akavuta kitambaa, akakuta pipa liko wazi chini yake, akanitazama kwa heshima kubwa sana, kama mtu aliyekuwa hajui kwamba nina akili. Barabarani watu walikuwa wanakuja mbio na ndoo, mabeseni, mashuka, na yule wa baiskeli, mshamba wangu, alikuwa wa kwanza.

Nasra alikuwa amejikunyata ukutani. "Mzee, nzige! Nzige!"

"Siyo nzige, mama, ni senene!"

"Wanauma?"

"Wanaliwa!"

Akapiga kelele zaidi. Nami nikakimbia kuokoa sampuli, na huko ndani, jamani, watu wasio na haya walikuwa wameshaingia. Walikuwa wanatungua magauni kwenye hanga, wanafunga mikono fundo, wanayageuza magunia! Gauni la hariri! Nilimkuta mama mmoja ambaye alikuwa ameniambia pale pale wiki iliyopita kwamba nguo zangu hazina kazi, sasa amezipatia kazi. Nikapiga kelele, "Sampuli! Hizo ni sampuli!" na sauti yangu ikatoka kwenye spika na kuvuma Miembeni nzima, maana kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye koti.

Nikatoka nje kumtafuta Jasinta. Shela, niliwaza, angalau shela. Nikamwona yuko chini ya mabati, ameinua ule mkia mrefu kwa mikono miwili, anakinga. Na anakinga vizuri, si mtoto wa Muleba? Nikaurukia ule mkia, nikaukunja, nikaukumbatia kifuani ili kuuokoa.

Hapa ndipo ninapotaka msinihurumie. Mpaka hapo mimi nilikuwa mtu aliyekosewa. Lakini nilipoukumbatia mkia ule nilisikia uzito wake. Ulikuwa mzito, wa moto, unatikisika na kukwaruza ndani ya neti, na mikono yangu ikakumbuka jambo ambalo kichwa changu kilikuwa kimekataa kulikumbuka wiki nzima. Nikasahau kiwanda. Nikasahau Nasra. Nikawaza kitunguu na chumvi. Na wakati huo huo Ma Koku akaja na kilemba chake, akachota senene kutoka kwenye ule mkia, kifuani kwangu, kama mtu anayechota maharage sokoni.

"Weka chini!" nikamfokea. "Senene hao ni wangu!"

"Wako?" Ma Koku akashangaa. "Wana jina lako? Wametoka mbinguni hao."

"Wamekuja kwenye taa yangu!"

"Taa ni za kwangu mimi," Bwana Sudi akasema nyuma yetu, na beseni lake mkononi. "Umekodi mwanga tu."

"Mabati ni yangu! Shela ni yangu! Wote hawa ni wangu, hakuna anayeondoka na senene wangu hapa!"

Yote hayo kwenye spika. Ma Koku akavuta, mimi nikavuta, Jasinta aliyekuwa bado yumo ndani ya shela akalia, "Babu, mtanivua nguo!" na mkia ukachanika kwa sauti ndefu ambayo nasikia hata Dar waliisikia vizuri. Nikakaa chini kwa kishindo, nimekumbatia kipande cha neti, senene wananitembea kwenye tai. Na mbele yangu, juu ya kijiti, ile simu ya Nasra ilikuwa imesimama yenyewe, inanitazama.

Watu walipoondoka, Nasra alitoka alikojificha, akazitazama nguo moja moja. Senene akikamatwa hutema mate ya rangi ya tumbaku, na mate yale hayatoki kwenye kitambaa. Hakunifokea. Bora angenifokea.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "mimi niliomba mwanga tu."

Asubuhi alikuwa anafungasha zilizopona kwenye maboksi, nami namsaidia, tukasikia sauti za wanawake. Alikuwa Ma Koku na wenzake, waliolala kwa ndugu zao mjini, kila mmoja ameshika kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nikafikiri wamekuja kuniomba radhi, nikavaa koti.

Ma Koku akapiga magoti. Yeye, mbele yangu! Akaweka kifurushi miguuni pangu, na wenzake wakafuata.

"Waitu, senene wako hawa. Jana umetangaza ni wako wote, mji mzima umesikia, na sisi hatupendi ugomvi na mzee. Tumewachambua, tumewakaanga, tumekuletea." Akainua uso, na macho yake yakacheka kabla ya mdomo. "Sasa unaijua mila. Mwanamke akimletea bwana senene, bwana anampa nguo mpya. Tupe nguo zetu."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Bwana Sudi alilazimika kushika nguzo. Nikageuka kutazama hanga zangu, zote tupu. Miezi yote ile nilikuwa nimezungukwa na magauni nikiwakatalia watu, na siku niliyodaiwa gauni kwa haki, sikuwa na hata leso.

Nikasikia sauti kutoka nyuma yao. "Pangeni foleni." Alikuwa Verdiana na ndoo yake, na ilikuwa imejaa pomoni. "Mke wa ndoa anatangulia." Akaiweka ndoo mbele yangu, akapita kwenda ndani, akaichukua ile shela iliyochanika, yenye madoa kuanzia kifuani hadi chini, ambayo Nasra alikuwa ameiacha kwa sababu haikufaa tena kitu, akaikunja kwapani, akaenda zake nyumbani.

Na kama mnafikiri mwisho wa dharau ni hapo, Ma Koku alipomaliza kucheka alimgeukia Nasra, akaagiza lile gauni la pili, la zambarau, mzigo mkubwa kabisa kuwahi kuagizwa kutoka wilaya ya Muleba. Akaagiza mbele yangu, kupitia Mwanza.

Nimetafuta sana wa kumlaumu. Nilianza na Nasra na mwanga wake, nikaenda kwa Ma Koku, nikaenda kwa Bwana Sudi, kuna siku niliwalaumu hata waliotengeneza mabati. Lakini Bwana Sudi aliuliza. Verdiana alisema. Mtu wa baiskeli aliomba nafasi ya ndoo, nami nikamwita mshamba. Mtaa mzima ulijua ninajenga nini isipokuwa mimi niliyekuwa ninajenga, kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba mtu wa mitindo hana habari na senene, na laiti ningekuwa hivyo kweli! Ningeiachia shela, ningemwachia Ma Koku achote, labda Nasra angenisamehe. Kilichonifukuza kazi siyo taa. Ni ule uroho ulionitoka kifuani mbele ya simu, na huo sikuukodi kwa mtu.

Siku hizi nipo Kagondo, napalilia migomba kama watoto walivyotaka. Kila mwezi wa kumi na moja, mvua ikikatika tu, simu inaita kutoka Muleba. Ma Koku hanisalimii kwanza. Anasema, "Ta Kamugisha, mwaka huu unawasha lini?"

Siwashi. Nimeapa, na hata balbu ya barazani nimeifungua nikaificha. Jioni Verdiana anachukua ndoo yake anakwenda kwenye taa za majirani, nami nabaki gizani nimekaa kwenye kiti, natazama madirisha. Shela ile aliikata, akaishona mapazia. Ni mazuri, siwezi kukataa, yanaanguka vizuri, neti tabaka tatu. Na madoa hayajatoka mpaka leo.